Metformini, vidonge vya majira, spironolaktoni au inositoli: uanze na ipi ukiwa na PCOS?

Daktari kakuandikia metformini, wifi yako anasema rafiki yake alipewa vidonge vya majira akawa poa, kijana wa kaunta pale famasi anakwambia kuna unga wa inositoli umeingia juzi hauna madhara hata kidogo, na wewe umebaki na karatasi mkononi hujui umsikilize nani. Ukiuliza wenzio nao utapata "mimi ilinisaidia" na "mimi ilinitesa", na kiukweli wote wanasema kweli, ila kila mmoja alikuwa anatibu kitu chake. PCOS, yaani tatizo la homoni linalovuruga ovari, ni jina moja lakini huyu kinachomnyima raha ni ndevu, yule hedhi haionekani miezi minne, mwingine anatafuta mtoto, mwingine uzito umepanda na shingo imekuwa nyeusi hata asugue vipi. Halafu hakuna hata moja kati ya hizi dawa inayoing'oa PCOS yenyewe, zinabana dalili, ukiacha dalili zinarudi polepole. Ndo maana mi naona swali la "dawa ipi nzuri" halina jibu, jiulize kero gani unataka ipungue kwanza na maudhi gani uko tayari kuishi nayo.

Kabla ya dawa yoyote, una uhakika ni PCOS? Nauliza maana wapo wengi waliopigwa altrasaundi moja wakaambiwa "una vimbe kwenye ovari" wakaanza dawa siku hiyo hiyo. Kwa mtu mzima kinachotakiwa ni mambo mawili kati ya matatu: mayai kutopevuka vizuri (hedhi inaruka ruka au haiji), dalili za homoni za kiume kuzidi (ndevu, chunusi sugu, au testosteroni juu kwenye damu), na ovari zenye vifuko vingi kwenye altrasaundi. Tangu mwongozo wa kimataifa wa 2023, kipimo cha damu cha AMH (homoni inayotoka kwenye vifuko vya mayai) nacho kinaweza kushika nafasi ya altrasaundi kwa watu wazima. Na vile "vimbe" wala sio vimbe vya kutolewa, ni vifuko vya mayai ambavyo havikukua hadi mwisho. Lazima pia wapime thairoidi (tezi ya shingoni) na prolaktini (homoni ya maziwa), maana hizo mbili zikivurugika zinaweza kuifanya hedhi iruke vile vile na matibabu yake ni mengine kabisa.

Hizi nne nimezipima kwa vitu hivi hivi: inafanya nini na inachukua muda gani, maudhi yake, vipimo na mfuko, halafu inamfaa nani. Kwenye maudhi naomba utenganishe mambo matatu, kero ya wiki za mwanzo inayopita yenyewe, kero inayokaa na wewe muda wote unaomeza, na hatari ambayo ni nadra ila ikitokea unakimbilia hospitali. Watu wanaacha dawa nzuri kwa sababu ya ile ya kwanza, na wanakomaa na dawa isiyowafaa kwa kutoijua ile ya tatu.

1. Vidonge vya majira (vyenye homoni mbili)

*Kazi yake.* Vina estrojeni na projestini. Vinazituliza ovari zipunguze kutengeneza homoni za kiume, na vinaliambia ini litengeneze protini nyingi zaidi inayoikamata testosteroni inayozunguka kwenye damu. Damu inatoka kila mwezi kwa ratiba, na ukuta wa kizazi haupati nafasi ya kujengeka miezi na miezi bila kumwagika, jambo ambalo likiachwa miaka linaongeza hatari ya saratani ya ukuta wa kizazi. Chunusi zipe kama miezi mitatu, nywele za usoni zipe sita au zaidi, maana nywele iliyokwisha kuota haitoweki, inabidi imalize mzunguko wake.

*Maudhi.* Kliniki wanayaita maudhi madogo madogo: kichefuchefu, matiti kuuma, kichwa, matone ya damu katikati ya mwezi. Mengi yanapungua ndani ya pakiti mbili tatu na kumeza usiku baada ya chakula kunasaidia kichefuchefu. Wapo wanaoshuka hisia, wanakuwa na hasira au huzuni isiyo na sababu, hilo usilipuuze ukasema ni mambo ya nyumbani, rudi ukabadilishiwe. Hatari ya nadra ni damu kuganda. Hebu tuiweke kwa namba maana inatisha kuliko inavyotakiwa: kati ya wanawake 10,000 wasiotumia vidonge na wasio wajawazito kama 2 hivi wanapata damu kuganda kwa mwaka, wanaotumia vidonge ambavyo projestini yake ni levonojestreli ni kama 5 hadi 7, vyenye drospirenoni kama 9 hadi 12. Ujauzito wenyewe unapandisha hatari kuliko hapo. Ukiona mguu mmoja umevimba na kigimbi kinauma, kifua kinabana pumzi inakata, kichwa cha ghafla kisichovumilika, macho kupoteza nuru au upande mmoja wa mwili kulegea, hospitali muda huo huo sio kesho.

Na hii hofu ya "vinaharibu kizazi". Haviharibu. Kinachotokea ni kwamba dada alianza vidonge akiwa na PCOS tayari, hedhi ikawa inakuja kwa saa, akaacha baada ya miaka mitatu, hedhi ikaruka tena kama zamani, basi kidonge kinabeba lawama wakati ni PCOS ile ile imerudi. Damu unayoiona ukiwa kwenye vidonge haimaanishi mayai yamepevuka, ni mwili unajibu homoni zilizokatwa kwa siku chache. Angalia pakiti ya Microgynon Fe utaelewa, vidonge 21 vya homoni halafu mwisho kuna vile 7 vya kahawia ambavyo havina homoni kabisa, ni madini ya chuma, na damu inatoka ukiwa kwenye hivyo.

*Vipimo na mfuko.* Kupimwa presha, basi. Kwenye vituo vya serikali Tanzania huduma ya uzazi wa mpango ni bure, kwa hiyo usikimbilie pakiti ya bei mbaya ya famasi ukidhani ya bei ndo inatibu PCOS. Vile vyenye siproteroni (Diane-35) watu wanavisifia kwa ndevu, ila mwongozo unaviweka nyuma kwa sababu hatari ya damu kuganda ni kubwa zaidi.

*Anayefaa.* Asiyetaka mtoto kwa sasa na kero zake ni ndevu, chunusi na hedhi isiyoeleweka. Asiyefaa: mwenye presha ya juu, aliyewahi kuganda damu, mwenye kipandauso kinachokuja na vimulimuli machoni, mvutaji sigara aliyevuka miaka 35, aliyejifungua juzi juzi.

2. Metformini

*Kazi yake.* Ni dawa ya kisukari, lakini kwenye PCOS inaingia kwa mlango wa insulini, homoni inayoshusha sukari. Wengi wetu mwili hauisikii insulini vizuri, kwa hiyo kongosho inamwaga nyingi zaidi, na insulini ikiwa nyingi inazichochea ovari zitengeneze testosteroni. Metformini inapunguza sukari inayotoka kwenye ini na kuufanya mwili uisikie insulini. Hedhi inaweza kurudi taratibu ndani ya miezi mitatu hadi sita, sukari inatulia, uzito unapungua kidogo (kidogo, sio ile ya picha za kabla na baada). Kwa ndevu usiitegemee sana, pale vidonge vya majira viko mbele.

*Maudhi.* Tumbo, tumbo, tumbo. Kuharisha, gesi, kichefuchefu, mdomo una ladha ya chuma kama umelamba sarafu. Hapa ndo wengi wanatoka mbio wiki ya kwanza, na mara nyingi ni kwa sababu walianzishwa dozi kubwa siku moja au wanameza tumbo tupu. Namna ya kistaarabu ni kuanza na miligramu 500 mara moja, katikati ya mlo wa usiku (katikati kweli, umeshakula nusu ya ugali wako ndo unameza), unakaa wiki moja au mbili, ndo unaongeza 500 nyingine, hadi dozi aliyopanga daktari, ambayo kwa mtu mzima haizidi miligramu 2,500 kwa siku. Tumbo likigoma unarudi hatua moja nyuma. Ikishindikana omba ile inayoachia dawa polepole, imeandikwa XR au SR kwenye boksi, inasumbua kidogo zaidi, usiivunje wala kuitafuna, na usishtuke ukiona kitu kama kidonge kizima chooni, hilo ni ganda tu, dawa ilishatoka.

Kero ya muda mrefu ni vitamini B12 kushuka, unajikuta umechoka, ganzi na kuchomachoma miguuni, na hili watu wanalisingizia umri au kazi. Ukiwa kwenye metformini miaka, hasa dozi kubwa au huli nyama, pimwa B12. Hatari ya nadra sana ni asidi kujaa kwenye damu, na inawapata zaidi wenye figo mbovu, wanywaji pombe sana, au mtu anayetapika na kuharisha hadi ameishiwa maji na bado anameza. Ukiugua hivyo simamisha uwasiliane na daktari.

Jambo lingine wanalosahau kukuambia: mayai yakianza kupevuka unaweza kushika mimba bila kutarajia. Wapo waliozoea miaka kwamba "mi sishiki", wakashtukia.

*Vipimo na mfuko.* Figo mwanzoni, sukari, halafu B12 baadaye. Bei ni rahisi na inapatikana karibu kila famasi.

*Anayefaa.* Mwenye uzito uliozidi, shingo nyeusi, sukari inayopandapanda au wazazi wenye kisukari. Pia asiyeweza au asiyetaka homoni. Hafai mwenye figo zilizochoka.

3. Spironolaktoni

*Kazi yake.* Hii kiasili ni dawa ya presha na moyo, inakojoza, wengine wanaijua kwa jina la Aldactone. Kwenye PCOS inatumika kwa sababu inaizuia testosteroni isifanye kazi kwenye kinyweleo na ngozi. Sio ya kuanza nayo, kawaida inaongezwa pale vidonge vya majira vimetumika miezi sita au zaidi na ndevu bado zinakusumbua. Na yenyewe inataka miezi sita mingine, kwa hiyo kama huna subira hii itakukatisha tamaa.

*Maudhi.* Mkojo. Meza asubuhi mapema kabla hujatoka, ila kama una safari ya daladala ya Mbagala hadi Posta na foleni ile basi jipange mwenyewe. Kizunguzungu ukiinuka ghafla, matiti kuuma, na ukiitumia peke yake hedhi inaweza kuvurugika zaidi ya ilivyokuwa. Hatari kubwa ziko mbili. Moja ni potasiamu kupanda kwenye damu, hasa kama figo zina shida au unatumia dawa za presha kama enalapril au losartan, na achana na ile chumvi mbadala inayouzwa kwa wenye presha maana nyingi zina potasiamu kwa wingi. Ya pili, mimba: inaweza kuvuruga ukuaji wa viungo vya mtoto wa kiume tumboni, ndo maana haitolewi bila njia ya uhakika ya uzazi wa mpango. "Tunajihesabia siku" haihesabiki kama njia, na ukiwa na PCOS hizo siku zenyewe unazihesabuje?

*Vipimo na mfuko.* Presha, figo na potasiamu kabla na baada ya kuanza. Dawa yenyewe sio ghali sana ila ongeza gharama ya vipimo na uzazi wa mpango.

*Anayefaa.* Mwenye ndevu au chunusi ambazo vidonge vimeshindwa, hana mpango wa mtoto karibuni na yuko makini na uzazi wa mpango.

4. Inositoli

*Kazi yake.* Ni kirutubisho cha jamii ya sukari, mwili wenyewe unakitengeneza na kinapatikana pia kwenye maharage, matunda na nafaka zisizokobolewa. Wanaamini inasaidia insulini. Tafiti zinaonyesha inaweza kusaidia kidogo kwenye vipimo vya sukari na insulini, lakini kwenye ndevu, uzito na mayai kupevuka ushahidi ni dhaifu. Dozi iliyozoeleka kwenye tafiti ni gramu 4 kwa siku za mayo-inositoli, na nyingi madukani zimechanganywa kwa uwiano wa 40 kwa 1 na ndugu yake D-kairo.

*Maudhi.* Hapa ndo sifa yake kubwa, machache sana, tumbo kidogo kwa dozi kubwa. Ila "haina madhara" na "inafanya kazi" ni vitu viwili tofauti.

*Vipimo na mfuko.* Vipimo hakuna, mfuko ndo unaumia, maana ni ya kila siku, mara nyingi inatoka nje, na kirutubisho hakisimamiwi kama dawa kwa hiyo kilichoandikwa kwenye kopo sio lazima ndo kilichomo.

*Anayefaa.* Ambaye metformini imemshinda, dalili zake ni nyepesi, na pesa ipo bila kujinyima chakula kizuri. Mi ningekuwa nachagua kati ya kopo la inositoli na mboga, samaki na maharage ya mwezi mzima, naenda sokoni.

Zile zinazobaki

Kuna Provera na Primolut N, vidonge vya projestini peke yake, unapewa siku 10 hadi 14 damu ishuke. Hazitibu ndevu wala hazizuii mimba, lakini zinaulinda ukuta wa kizazi, na kwa asiyetaka homoni kila siku ni njia halali kabisa. Pima mimba kabla. Sindano za kupunguza uzito kama Ozempic zinasaidia uzito kweli, ila kichefuchefu na kutapika ni vya kutosha, bei haisemeki, bandia zipo sokoni, na inabidi uache angalau miezi miwili kabla ya kutafuta mimba. Chai za kusafisha kizazi na vile vitu vya kuweka ukeni, hapana. Kizazi hakina uchafu wa kusafisha, na PCOS haikai huko.

Chakula na mazoezi vinaenda na yoyote utakayochagua, hata ukiwa mwembamba. Hakuna mlo mmoja maalum wa PCOS uliothibitika kuishinda mingine, kwa hiyo sio lazima uache wali ukae na parachichi. Dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa kasi zinatosha kuanzia, na kwa mwenye uzito uliozidi hata kupunguza asilimia 5 kunaweza kurudisha hedhi.

Sasa kwa hali yako

Unatafuta mtoto sasa hivi: vidonge vya majira na spironolaktoni weka pembeni. Dawa inayoanzwa nayo kupevusha mayai ni letrozoli, siku tano mwanzoni mwa mzunguko, baada ya kupima mimba. Utafiti wa Marekani wa 2014 wenye wanawake 750 wa PCOS ulionyesha waliojifungua kwa letrozoli ni 27.5% na kwa klomifeni, ile Clomid, 19.1%. Clomid bado ni dawa, inaweza kuleta joto la ghafla mwilini, na macho yakianza kuona ukungu au vimulimuli unaacha. Tafadhali usiinunue kaunta ukameza mwezi baada ya mwezi, zote mbili zinaweza kuleta mapacha na zinataka mtu wa kukufuatilia. Na mwenzio apimwe mbegu kabla wewe hujameza chochote, wanaume wanakwepa hili sana.

Hutaki mtoto karibuni, ndevu na chunusi ndo zinakutesa: vidonge vya majira, subiri miezi sita, kisha ongea habari ya spironolaktoni. Huku unasubiri nyoa au nyofoa kwa uzi, kunyoa hakufanyi nywele ziwe nene, hilo ni la mtaani.

Uzito, shingo nyeusi, kisukari kwenye ukoo: metformini, na upime sukari hata kama hujisikii chochote. Kama na hedhi imevurugika na presha iko sawa, metformini na vidonge vinaweza kwenda pamoja, hulazimiki kuchagua kimoja.

Hedhi haiji zaidi ya siku 90 na hutaki dawa ya kila siku: Provera kwa vipindi, au kitanzi chenye homoni ambacho kinaulinda ukuta wa kizazi kwa miaka.

Uko kwenye dawa za TB zenye rifampisini, baadhi ya dawa za kifafa au baadhi ya ARV: mwambie daktari kabla ya vidonge vya majira, zinaweza kuvipunguzia nguvu ukashika mimba huku unameza kila siku.

Una presha au kipandauso cha vimulimuli: estrojeni hapana, anza na metformini na projestini peke yake.

Ni binti wa sekondari: asibandikwe jina haraka. Hedhi kuruka mwaka wa kwanza tangu kuvunja ungo ni kawaida, na altrasaundi haitumiki kuthibitisha PCOS hadi ipite kama miaka minane tangu hedhi ya kwanza. Mama akija na binti yake apewe vidonge kwa ajili ya chunusi na damu nyingi asione aibu, ni tiba, na binti aulizwe pia analala vipi, anajionaje kwenye kioo, darasani wanamwitaje, maana sonona na wasiwasi huwapata sana wenye PCOS na hakuna kidonge kati ya hivi vinne kinachotibu hilo.